Vivumbasi vya Candida Komba

Candida Komba alimpiga mwanamume kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa, wiki ya tatu tangu aingie Dar es Salaam, pale Mtaa wa Swahili, kwa sababu mwanamume huyo alimkanyaga mguu kwa gurudumu la mkokoteni na akapita bila kusema pole. Hakumpiga kofi. Alimpiga ngumi ya pua, kama alivyozoea kumwona baba yake akipiga, na yule mvuta mkokoteni akakaa chini katikati ya barabara, damu ikimchuruzika mpaka kifuani. Watu walicheka. Tangu siku hiyo soko zima lilimjua, na kwa miaka thelathini iliyofuata hakulipa nafasi ya kumsahau.

Kwao ni Namtumbo, kule Ruvuma. Baba yake alikuwa mrina asali, mwenye mizinga arobaini msituni. Akiwa kwenye mizinga alikuwa mtu mwingine kabisa. Alitembea taratibu, aliongea kwa kunong'ona, na nyuki akinasa kwenye nywele za binti yake alimtoa kwa vidole viwili bila kumvunja ubawa. Akirudi nyumbani akakuta maji ya kuoga hayajachemka, alimkamata mkewe nywele akamburuta uani mpaka kanga zikabaki njiani. Candida alikua akiyaona yote mawili. Alikuja kusema, ukubwani, kwamba alidhani ndivyo watu walivyoumbwa, upole wa porini na kipigo cha nyumbani, kama vile mtu ana mkono wa kulia na wa kushoto.

Kariakoo alikuwa akiuza maharage, choroko na kunde, kwenye kibaraza cha duka lililokufa, kwa mizani ya zamani ya mawe ya chuma. Wachuuzi wengine walihamia mizani ya umeme, yeye alikataa. Alimvunja mbavu kibaka mmoja mwaka ule mvua zilipozidi. Alimng'oa jino mumewe mwenyewe, na mume akaondoka na jino pungufu, asirudi tena, akamwachia mtoto wa miaka mitatu aitwaye Joyceline. Hakuna aliyemwonea Candida, na hakuna aliyemzoea.

Mama na mwana waliishi Mchafukoge, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, katika chumba cha chini cha nyumba ya zamani ya ghorofa mbili. Mlango wa nyuma ulitokea uani, ambako kordo ya nyumba pia ilifika, mahali pa hatua nne kwa tatu palipozungukwa na kuta ndefu, ambapo zamani palikuwa na tangi la maji. Tangi lilipoondolewa, ulibaki udongo mtupu. Watu wa ghorofani walitupa humo maganda na vifuniko vya soda.

Joyceline ndiye aliyewaona nyuki. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea mimea, na siku moja alikuja kumwonyesha mama yake ufa kwenye ukuta wa uani, wenye kijibomba cha nta chembamba kama mrija wa juisi. Ndani waliingia na kutoka nyuki wadogo, wale wasiouma, weusi, ukubwa wa punje ya ulezi. Alisema mji umewazunguka kwa saruji na hawana cha kula. Wiki hiyohiyo akaleta miche ya kivumbasi aliyoing'oa kando ya njia kule Pugu.

Candida alimcheka. Kivumbasi kwao kilikuwa cha kufukuzia mbu, kinaota chenyewe kwenye mahame, hakuna anayekipanda. Binti yake alimweleza kwamba hiyo ndiyo sababu ya kukichagua: ni mmea wa hapahapa, unajua jua la hapa na udongo wa hapa, hautaki kubembelezwa, na ukishashika mizizi unakaa miaka. Vijiua vyake vyeupe ni vidogo, vimepangwa kwenye kikonyo kama shanga, lakini vinatoka karibu mwaka mzima, na nyuki wanavipenda kuliko waridi la mtu yeyote. Alivipanda kwa mistari, akaweka jiwe bapa na kisahani cha maji ili nyuki wanywe bila kuzama, akasema hiyo sasa ni bustani ya wachavushaji, yaani wadudu wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua. Baada ya miezi minne ua ulinukia karafuu, na asubuhi jua lilipofika palisikika mvumo mdogo kama wa cherehani ya mbali.

Jumamosi moja alasiri Candida alirudi kutoka sokoni akiwa amegombana. Mpagazi alikuwa amemmwagia gunia la choroko kwenye mtaro. Aliingia chumbani, hakukuta chakula, akatoka uani. Joyceline alikuwa amechuchumaa mbele ya vivumbasi na daftari, akihesabu nyuki, kwa kuwa kila siku saa ileile alihesabu kwa dakika kumi. Bila kuinua macho alisema, "Ngoja kidogo, Mama."

Mkono ulitangulia akili. Kofi lilimpata Joyceline sikio la kushoto, lenye uzito wote wa bega linalonyanyua magunia, na kichwa chake kikagonga ukuta. Hakulia. Alikaa kwenye udongo akishika sikio, na matone ya damu yakaangukia daftari, moja kwenye safu ya tarehe na jingine kwenye safu ya hesabu. Kisha aliinuka, akaosha uso, akapika ugali, akampakulia mama yake. Siku ya tatu alihamia Mbagala kwa shangazi yake Stella. Alichukua nguo, vitabu na lile daftari.

Candida alimpigia simu mara nyingi. Haikupokelewa. Alituma ujumbe wa kuomba msamaha, haukujibiwa. Mwezi wa pili akatoka uani na panga, ameamua kufyeka kila kitu, maana ule mvumo ulimkera asubuhi. Alisimama muda mrefu. Kisha akarudisha panga ndani, akachota maji.

Hakujua kulima maua. Alifikiri kila kinachoota kinataka kulishwa, basi akabeba samadi ya kuku kutoka sokoni akavijaza vivumbasi mpaka magotini. Vilinenepa, vikatoa majani mapana kama ya mchicha, vikalala chini kwa uzito, na havikutoa ua hata moja. Kwenye ufa nyuki walipungua. Hapo ndipo alipoandika ujumbe usio na salamu wala msamaha: *Kivumbasi hakitoi maua.*

Siku tatu zilipita. Kisha simu ikalia kwa jibu: *Umeweka mbolea?*

*Ndiyo.*

*Usiweke tena. Kata mashina nusu, acha udongo uchoke. Maji mara moja kwa wiki.*

Alifanya hivyo. Baada ya wiki saba vikonyo vikatoka, na nyuki wakarudi. Akaandika: *Vimetoa.* Akajibiwa: *Sawa.* Alilisoma neno hilo mara nyingi, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Kwa miaka miwili walizungumza hivyo, kwa ujumbe mfupi, na kwa habari za kivumbasi peke yake. Mbegu zifukiwe kina gani? Zisifukiwe, zinyunyizwe juu tu na kumwagiwa maji, zinataka mwanga. Mashina yamekuwa magumu kama kuni. Yakate kabla ya mvua, yatachipua chini. Kuna wadudu weupe. Waoshe kwa maji ya sabuni, lakini jioni, nyuki wakishaingia. Candida alijifunza kuacha vikonyo vikauke kwenye shina ili vimwage mbegu vyenyewe. Alijifunza kuwahesabu nyuki, akawa anatuma hesabu kila Jumapili. Ilijibiwa kila mara, kwa neno moja au mawili.

Na kwa kuwa uzi pekee uliobaki kati yake na mwanawe ulipita kwenye hatua zile nne kwa tatu, aliulinda kwa njia aliyoijua. Mpangaji wa juu aliyekojoa pembeni alimwagiwa maji ya moto mapajani. Mpagazi aliyeegesha magunia juu ya mstari wa mwisho alivunjwa kidole kwa mlango. Anifa, fundi cherehani wa chumba cha jirani, ndiye pekee aliyethubutu kumwambia kwamba amekuwa kama mbwa aliyefungwa. Anifa alikuwa mjamzito wakati huo, na hiyo ndiyo iliyomsalimisha.

Mwaka wa tatu alikuja Bryson. Alikuwa Mchaga wa Machame, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye duka la jumla la vyombo vya jikoni, na bidhaa zilimzidi. Alikodi vyumba vya juu, kisha mwenye nyumba akamkubalia aezeke ua na kusakafia sakafu ili uwe stoo. Bryson alimfuata Candida kwa heshima. "Shikamoo, Mama," alianza kila mara, naye hakuitikia marahaba hata siku moja. Mara ya kwanza alimweleza mpango wake. Mara ya pili alimwonyesha barua ya mwenye nyumba. Mara ya tatu alisema anasikitika, lakini mafundi watakuja wiki hiyo, na kama kuna kitu anataka kukiokoa amwambie. Candida alimfungia mlango usoni, wala hakuyasikiliza maneno ya mwisho.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Candida alikuwa akimpimia mteja kunde, jiwe la kilo mbili mkononi, simu ikalia. Alikuwa Anifa. Alisema neno moja tu: wanakata.

Hakumbuki alivyovuka Mnazi Mmoja. Watu waliomwona walisimulia kwamba alikimbia katikati ya pikipiki akiwa peku, kanga moja imedondoka Mtaa wa Lumumba, na kwamba hakuliachia lile jiwe. Aliingia kwa mlango wa mbele, akapita chumbani kwake, akatokea uani.

Mafundi wawili walikuwa humo. Mmoja, aitwaye Mudi, alikuwa akikoroga zege. Mwingine alikuwa na panga. Mstari wa mbele wote ulikuwa chini, vikonyo vyeupe vimetapakaa kwenye mchanga, na harufu ya karafuu ilikuwa kali mpaka inaumiza macho. Nyuki walizunguka hewani kama moshi usiojua pa kwenda. Bryson alikuwa ameinama katikati, amempa mgongo, mikono imejaa udongo.

Alimpiga kabla hajageuka vizuri. Jiwe lilimpata taya, na sauti iliyotoka ilikuwa ya ubao unaopasuka. Bryson alianguka kwa goti. Pigo la pili lilimpata begani, na mkono wake ukaning'inia. Taya halikumruhusu kupiga kelele. Yule wa panga aliliangusha akakimbia. Candida alinyanyua jiwe mara ya tatu, na safari hii alikuwa analenga kichwa, alikuja kukiri hivyo mwenyewe mbele ya hakimu bila kuulizwa. Mudi akamwahi. Aliinua beleshi lenye zege, akalishusha ubapa kwenye mkono ule wa jiwe. Vidole vitatu vilivunjika papo hapo. Jiwe likaanguka. Candida alimrukia kwa mkono wa kushoto akamshika koo, Mudi akampiga teke la tumbo, akampiga tena na mpini mgongoni, na wakaviringishana kwenye zege bichi na majani mpaka pumzi ya Candida ilipokatika akalala ubavu, mdomo umejaa mchanga na damu.

Ni pale alipolala ndipo alipoziona ndoo. Zilikuwa mbili, mpya, zimewekwa kivulini chini ya ule ufa. Ndani yake vilisimama vivumbasi vya mstari wa nyuma, vimeng'olewa na mizizi yake na bonge la udongo, mashina yamekatwa nusu kama inavyotakiwa. Mkononi mwa Bryson, aliyekuwa ameketi ukutani akitema meno, palikuwa bado na mche mmoja.

Alijaribu kusema. Ilimchukua muda. "Mama," alisema, kwa sauti iliyopita puani, "si nilikuwa nakuhamishia."

Anifa alithibitisha baadaye. Ndiye aliyemweleza Bryson namna ya kukata, kama alivyomwona jirani yake akifanya. Alipopiga simu kusema wanakata, alitaka Candida aje achague ni vipi vya kuchukua.

Kwenye kituo cha polisi walikaa benchi moja wakisubiri fomu za matibabu, yeye mwisho huu, Bryson mwisho ule, Mudi katikati akiwa na alama za kucha shingoni. Bryson alikuwa amefungwa kitambaa kuzunguka kichwa kama mtu mwenye maumivu ya jino. Sajenti aliyeandika maelezo aliuliza mara mbili kama kweli ugomvi ulikuwa wa kivumbasi.

Joyceline alikuja hospitali jioni ile, Anifa akiwa amempigia. Candida alikuwa amelazwa, mkono umefungwa plasta mpaka kiwikoni. Hakuwa amemwona binti yake kwa miaka mitatu. Joyceline alikuwa amenenepa kidogo, amevaa gauni la kazi, maana sasa alifundisha baiolojia kwenye shule moja ya sekondari Mbagala. Alisalimia shikamoo, akaitikiwa, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Candida alianza kusema. Alisema mengi, kwa sauti ya chini, yote aliyoyakusanya miaka ile: lile kofi, lile daftari, samadi, hesabu za Jumapili, zile ndoo. Alisema mpaka machozi yakaingia masikioni. Joyceline alikuwa akitazama dirishani, uso hauna dalili yoyote.

Mwisho aligeuka akamwona mama yake akilia. Akainuka, akazunguka kitanda, akaketi upande wa pili.

"Upande ule sisikii, Mama," alisema. "Tangu siku ile. Anza tena."

Candida hakuweza kuanza tena. Joyceline hakumshika mkono, wala hakuondoka. Alikaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Kesi haikuwa ndefu kwa sababu mshtakiwa hakukataa kitu. Taya la Bryson lilifungwa kwa nyaya wiki sita, akinywa uji kwa mrija; alipofika mahakamani alikuwa amekonda na alitoa ushahidi wake kwa kuandika. Candida alifungwa miezi kumi. Alipotoka, mkono wa kulia ulikuwa umepona vibaya, vidole vitatu vimekunjamana kuelekea kiganjani, havinyooki wala havifungi ngumi. Chumba chake cha Mchafukoge alikikuta, lakini ua ulikuwa stoo yenye bati na sakafu. Ufa ulikuwa umezibwa. Hakuna aliyejua nyuki walikwenda wapi. Anifa alisema walionekana siku mbili wakizunguka zunguka ukutani, kisha hawakuonekana tena. Candida alimtafuta Bryson dukani, akasimama mlangoni, akamwomba radhi mbele ya wateja wake. Bryson alimsikiliza mpaka mwisho. Akamjibu kwamba amesikia, na kwamba angeshukuru asiwe anapita tena mtaa huo wa duka lake. Tangu hapo Candida anazungukia njia nyingine.

Zile ndoo mbili Joyceline alikuwa amezipeleka Mbagala. Ya kwanza ilikauka. Ya pili Joyceline aliigawa mizizi, akakata vipandikizi, na nyuma ya maabara ya shule kulikuwa na kitalu cha vivumbasi virefu kuliko mtu, pamoja na mzinga wa kisanduku wa nyuki wadogo alioununua kwa mfugaji. Alimruhusu mama yake aje Jumapili. Hakumwambia ahamie, na Candida, ambaye safari hii alijua kusubiri, hakuomba. Walifanya kazi bega kwa bega, mama akikaa daima upande wa kulia wa mwanawe.

Jumapili ya sita dereva wa bodaboda alikatiza uwanja wa shule kukwepa foleni, akapitisha gurudumu juu ya miche michanga, akaendelea. Mkono wa Candida wa kushoto ulishaokota jiwe kabla hajajua. Alilitupa. Lilimpata dereva mgongoni, pikipiki ikayumba ikaangukia uzio, na mwanamume akainuka goti limechanika, akimjia kwa hasira. Joyceline alisimama katikati yao. Alimwomba dereva msamaha, akamsafisha goti kwa maji ya bomba, akamsaidia kuinua pikipiki. Kisha akamrudia mama yake. Hakupaza sauti. Alimwambia aende nyumbani, na asije mwezi mzima.

Candida alikwenda. Wiki ya kwanza alikasirika, akagombana na mizani, akaupiga ukuta kwa kiganja kibovu mpaka kikavimba. Wiki ya pili alikwenda kwa Anifa akakaa akimshikia mtoto huku cherehani ikizunguka. Alimwuliza Anifa kama na yeye hupata hamu ya kumpiga mtoto huyu. Anifa alisema hupata, siku nyingine sana, na huwa anamlaza kitandani akatoka nje akasimama kwenye kordo mpaka ipite. Candida aliuliza inachukua muda gani. Akauliza unasimama wapi hasa, unashika nini, unatazama wapi. Anifa alicheka mwanzoni, kisha akaona jirani yake hatanii, akasimamisha cherehani, akamweleza yote taratibu.

Jumapili ya tano tangu afukuzwe alipanda gari la Mbagala asubuhi mapema. Lango la shule lilikuwa limerudishiwa. Joyceline alikuwa ndani, amevaa gambuti, akipalilia. Alimwona mama yake amesimama nje ya lango, hajaingia, mkono mzima umeshika nondo za lango.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Joyceline alikuja akalisukuma lango. Kisha akamwambia aingie, achukue kijembe kile kidogo, aanzie upande wa uzio, na aangalie asikate vile vinavyochipua chini.